Nafasi Moja ya Kufuta

Mama alilisoma swali mara tatu, akavua miwani, akauliza jibu linatakiwa lini.

"Jumatatu asubuhi," binti alisema.

"Na leo Jumamosi. Haya, sogeza kiti."

Lilikuwa swali la tathmini, la kupima nani anaweza kupanga na kuongoza mradi wa kompyuta. Kampuni iliwapa watahiniwa sita waende nalo nyumbani. Ofisi fulani, jina limefichwa, ina masjala ya vyumba viwili, kimoja kinavuja. Ina faili elfu arobaini na tatu, makarani wanne, tarishi mmoja. Panga siku tisini za kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta. Mwisho, taja nafasi moja ya kazi itakayofutwa, utoe na sababu.

Binti alijifunza kompyuta mwenyewe, kwa mashine za kuazima. Alishawatengenezea wakubwa mifumo, sifa wakazivaa wao. Mara tano alinyimwa uongozi kwa kukosa cheti. Wakaletwa wenye vyeti, naye akaambiwa awaelekeze. Kampuni hii peke yake ilisema haitazami vyeti. Ilitaka jibu tu.

"Nikipata hii, unapumzika. Miaka thelathini na moja ya kupanda ngazi na kupiga chafya kwenye faili za watu inatosha."

"Nipumzike nikae na nani? Na wewe, ambaye hata shikamoo unanipa huku unabonyeza?"

Mama naye alikuwa karani wa masjala. Binti hakuwahi kuvuka dirisha la ofisi yake. Wageni waliishia hapo, na kusema kweli hakuwahi kuomba kuingia. Kwake masjala ilikuwa masjala, vumbi ni lile lile. Siku hiyo alishukuru tu kuwa na mwalimu wa bure.

"Usianze na mashine," mama alisema. "Anza na paa. Chumba kikauke kwanza, ama sivyo utapiga picha ukungu. Halafu toa faili za migogoro kabla hujatangaza chochote. Wakubwa wakisikia kompyuta inakuja, karatasi huota miguu."

Binti aliandika huku anacheka. Ratiba ikapata nyama. Kila hatari ikapata mtu wa kuijibu. Walikwama kwenye nafasi ya kufutwa.

"Tarishi," binti alisema. "Kompyuta ikifika atabeba nini?"

"Atabeba karatasi za saini. Wakubwa hawataziacha leo wala kesho. Mwache, ana watoto wanasoma."

"Mama, huyu ni mtu wa kwenye swali. Hana watoto."

"Matarishi wote wana watoto." Mama alivuta karatasi, akaiinamia. "Futa karani mkongwe. Yule anayejua kila faili ilipo bila kufungua daftari. Wenzake vijana, watajifunza. Yeye, mashine ikishajua anachokijua, atabaki wa nini?"

"Si ndiye anayehitajika kuliko wote?"

"Kwa siku arobaini. Mkalisheni kitini, aseme, ninyi mwandike. Akimaliza mpeni barua."

"Una roho ngumu, mama."

"We andika. Ukimwonea mtu huruma hapo, watakukata alama."

Binti aliwapita wote watano. Wasahihishaji walisema hawajaona mpango unaoijua masjala kwa ndani namna ile. Wasichosema ni kwamba ofisi ile ilikuwepo kweli, inasubiri, na kwamba mipango sita ya bure ilikuwa imewaepusha kumlipa mshauri hata mmoja.

Akapewa mradi ule ule auongoze, akiwa makao makuu, kwa taarifa za kila jioni kutoka kwa vijana waliotumwa kule. Jina la mteja liliendelea kufichwa. Waliita siri ya mkataba. Taarifa zilikuwa nzuri mno. Karani mkongwe anasema, waliandika, anasema vizuri, hafichi kitu.

Nyumbani mama alirudi kila siku sauti imemkauka. Vumbi, alisema. Binti akamnunulia dawa ya kikohozi.

Siku ya arobaini ililetwa barua, imeandikwa kwa cheo bila jina. Aliisoma mara moja, akatia saini, akaendelea na kazi.

Kesho yake ndipo walipompeleka kwa mteja, akakague mashine. Gari lilisimama mbele ya dirisha analolijua. Alidhani dereva amepotea njia. Kisha mtu akamfungulia mlango wa ndani, akaona vyumba viwili, paa jipya, ngazi imeegemezwa rafuni, na kiti kitupu ambacho sweta la mama lilikuwa bado limening'inia mgongoni pake.

Tarishi alisimama kando, bahasha kwapani.

"Ametoka sasa hivi, mwanangu. Barua ameipata."

Binti alishika meza. "Nitamwambia nini? Nitamwambia sikujua, ataniamini?"

"Ataachaje kukuamini?" Tarishi alisema. "Jumatatu ile ulipopeleka majibu, alitukusanya hapa. Akasema, swali la mwanangu ni ofisi hii, na nafasi nimeichagua mimi. Mtu yeyote asimwambie mpaka barua itoke, maana namjua, ataichana."