Juu ya Unga

Siku aliyotunukiwa shahada ya uzamivu ya uchumi, Anande hakwenda kwenye karamu. Alikwenda na joho lake mwilini hadi nyumbani kwa Profesa Mshana, aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza, kabla maradhi hayajaanza kumnyang'anya kumbukumbu.

Mzee alikuwa barazani, kando ya mkewe aliyekuwa akichunga unga kwenye sinia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwaka wa kwanza wewe?"

Mkewe alitaka kumsahihisha. Anande akamzuia kwa jicho, akavua joho, akalikunja na kulisukumia chini ya kiti.

"Ndiyo, Mwalimu. Mwaka wa kwanza."

"Basi kaa mbele. Wanaokaa nyuma hawaulizi maswali."

Akachora kwa kidole juu ya unga mstari unaoshuka. "Huu ni wa wanunuzi. Na huu wa wauzaji." Wa pili ukapanda, ukaukaribia wa kwanza, kisha kidole kikasita.

"Inakutana wapi?" aliuliza, na macho yake hayakuwa ya mtu anayejua jibu.

Anande alinyoosha mkono juu, kama walivyozoea darasani, akangoja aitwe jina.