Ukuta wa Ngazi

Nyumba ilikuwa na kasoro moja tu, na dalali alikuwa ameonywa asiitaje.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu rangi ikauke, na hakuna aliyeinunua. Bosi, aliyeijenga ili aiuze, alikuwa amempa dalali mpaka Ijumaa. Baada ya hapo funguo zingekwenda kwa dalali mwingine. Leo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na getini walisimama wateja wawili: mwanamke aliyevaa viatu vizito vya kazi, na mwanamume mrefu aliyebana daftari kwapani.

Dalali alifungua mlango kwa mbwembwe.

"Karibuni, karibuni. Hii ni mpya kabisa, dada. Hakuna aliyelala humu, hakuna aliyegombana humu. Mabomba mapya, nyaya mpya. Ukinunua nyumba kuukuu unarithi mende wa watu."

"Mende unawaona," mwanamke alijibu. "Nyumba kuukuu imeshanyeshewa, imeshapasuka pale ilipotaka kupasuka. Ugonjwa wake unaujua. Hii mpya bado imenyamaza."

Dalali alicheka peke yake.

Mwanamke alikagua kama mtu aliyepoteza kitu. Jikoni alifungua bomba akasubiri mpaka maji yakatoka. Sebuleni alichuchumaa, akagonga vigae kwa kidole, kimoja baada ya kingine, akisikiliza.

"Hiki kina uwazi chini. Na hiki."

Mwanamume aliandika. Dalali alijifuta jasho shingoni. Vigae si kitu, vinabandikwa upya. Yeye aliomba jambo moja tu: wasikae sana kwenye ngazi. Kwa hiyo aliwapandisha mbio mbio, moja kwa moja mpaka roshani.

"Mzee, hapa unaweka kiti chako jioni. Mama anakuletea chai, watoto wanacheza kule chini, wote unawaona."

Mwanamume aliangalia vidole vya miguu yake.

Wakati wa kushuka, mwanamke alisimama katikati ya ngazi. Ukuta wa pale ulikuwa mrefu, kutoka sakafu ya chini mpaka dari ya juu, na jua la dirishani liliupiga kwa ubavu. Aliweka kiganja ukutani, akakipitisha polepole juu, kisha chini.

"Plasta ya huku juu imepigwa na mtu wa mkono wa kushoto," alisema. "Ya chini ni mtu mwingine."

"Aa, dada, mafundi ni wengi bwana."

"Ukuta mmoja anaupiga fundi mmoja, anaanza juu anashuka. Hauachi katikati. Huyu aliuacha kwa nini?"

"Labda aliumwa."

"Au aliona msingi unatitia, akakimbia." Akamgeukia mwenzake. "Ndiyo maana haijanunuliwa. Twende tukaione ile kuukuu."

Wakaanza kushuka. Dalali alifikiria Ijumaa. Alimfikiria mkewe, ambaye siku hizi alimfungulia mlango kwa kusema, "Karibu, mgeni," kwa kuwa alirudi mikono mitupu kila siku.

"Subirini! Msingi ni mzima, nawaapia. Nilikuwepo tangu inajengwa. Nitawaambia, lakini yabaki humu humu."

Wakasimama.

"Fundi alianguka. Mashoto, ndivyo tulivyomwita. Alikuwa juu ya jukwaa anapiga plasta hii hii, mti mmoja ukakatika. Asubuhi ile alikuwa amemwambia bosi kwamba mti umeoza, bosi akamwambia amalize wiki kwanza. Tulimbeba mimi na bosi, tukamtia kwenye gari. Basi, ni hilo tu! Bosi hataki lisemwe, watu wanaogopa nyumba iliyomwagikiwa damu. Lakini nyumba yenyewe haina ubaya."

"Si alikuwa kibarua wa kupita tu?" mwanamke aliuliza.

"Kibarua wapi! Fundi wa bosi, miezi mitano mizima. Kila Jumamosi alilipwa mkononi, nikiona kwa macho yangu."

"Alipona?" aliuliza mwanamume. Hakuwa amesema neno tangu waingie.

"Bosi alisema alipona, akarudi kwao."

Kiganja cha mwanamke kilikuwa bado ukutani.

"Hayo ni maneno ya mdomoni," alisema. "Kesho nyumba ikipasuka utaniambia hukusema. Yaandike. Nani alianguka, siku gani, akifanya kazi gani, ya nani. Yote uliyotuambia, na kwamba ulikuwepo. Ukiyaandika, habari ya msingi siulizi tena."

Dalali alisita. Mwanamume alikuwa ameshamnyooshea daftari na kalamu.

"Au twende," mwanamume alisema.

Dalali aliketi kwenye ngazi, akafanya goti meza. Aliandika mistari kumi na miwili, akatia jina lake, namba ya simu na sahihi. Mwanamume aliisoma mara mbili, akaichomoa karatasi daftarini, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kisha akatoka nje bila kuaga.

"Haya," dalali alisema, mwili umemwia mwepesi. "Mumeo kafuata malipo ya kwanza, siyo?"

Nje pikipiki iliwaka, ikaondoka.

"Yule ni shemeji yangu," mwanamke alisema. Aliondoa mkono ukutani. "Mita tano kwenda chini. Siku mbili hospitalini, kisha kaburini. Watoto watatu. Na bosi wako ameapa mahakamani kwamba baba yao hakuwahi kukanyaga hapa."