Wembe wa Mtani

Wembe ulikuwa umefika chini ya jicho la kushoto Mama Tabora alipomwambia mteja wake kwamba ana sura ya mwizi.

Hakupaza sauti. Aliivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, akapitisha wembe, akapangusa vinyweleo laini vya malaika kwenye taulo. Kisha akaongeza kwamba uso wenyewe unanyolewa bure, maana mtu aliyezoea kula vya wenzake hanawiri. Jesca, aliyekaa kiti cha pili akisubiri kusukwa, alishusha simu. Alijua sasa ni ngumi.

Mwanvita, yule mteja, akacheka. Alicheka mpaka Mama Tabora akalazimika kuinua mkono.

"Usiogope, mdogo wangu," alimwambia Jesca. "Mnyamwezi huyu, nami Mluguru. Mtani wangu."

Basi Jesca naye akatabasamu, kwani hapo hakuna tena kesi. Mnyamwezi na Mluguru wanatukanana tangu enzi za misafara, na anayekasirika ndiye mshamba. Mtani atakuja msibani kwako, ataingia kaburini alale humo mpaka apewe chochote, nawe utatoa na kushukuru.

Mwanvita alikuwa na sababu ya kufurahi. Jumamosi anaolewa na Abdulswamad, na mpambaji wake alimwambia aondoe vinyweleo vyote usoni, ngozi iwe laini, poda ishike. Uso huo ungetazamwa na ukumbi mzima, na video zingefika hadi Gairo, alikokulia kwa baba yake, mbali na ndugu wa mama. Akipata mkwaruzo mmoja tu, watu wangesahau gauni na keki wakazungumzia mkwaruzo. Ndiyo maana aliulizia mjini nani ana mkono mwepesi, akaelekezwa saluni hii ya Mji Mpya, kwa Mama Tabora. Kusikia jina hilo la Unyamwezini akaingia na matusi yake mlangoni: wabeba mizigo nyie, shingo zimezama kwa pembe za ndovu za Waarabu.

Mama Tabora hakurudisha. Alimwuliza tu jina lake, na jina la mama yake, na huko milimani mama huyo alitokea wapi. Matombo, alijibu Mwanvita, akajilaza kitini. Hapo ndipo mwenye saluni naye alipoanza kutukana.

Sasa wembe ulikuwa kwenye paji la uso. Mama Tabora alitaka kujua harusi kubwa hivi imetoka wapi, kama si wizi. Mwanvita, macho kayafumba, alieleza bila kuona haya hata kidogo. Ni shamba la ukoo, la upande wa mama. Mama yake alishafariki, akabaki mama mkubwa tu, kizee kisichojua kusoma, hakina mtu wa kukisemea. Mjomba alitia saini, tajiri mmoja akanunua ajenge hoteli ya watalii, naye Mwanvita akapata mgao wake. Kizee kilikataa kutoka. Kiling'ang'ania mlango kikilia, mgambo wakakibeba na godoro lake wakakiweka barabarani. Alisimulia hayo kama mtu anayesimulia vituko vya mbuzi.

"Na makaburi?" aliuliza Mama Tabora.

"Makaburi gani?"

"Ya bibi zenu. Pale kwenye mikarafuu."

Mwanvita alicheka tena. Watani hawa, wakikosa neno watakuletea makaburi. Alisema greda lilisawazisha kila kitu, na kwamba wafu hawachangii harusi.

Safari hii Jesca hakutabasamu. Aliona vibaya moyoni, hata utani una mpaka wake, lakini utani huo haukuwa wake. Alimtazama Mama Tabora aone kama atacheka. Hakucheka. Alitupa wembe uliokwisha makali, akachana karatasi ya mwingine mpya, akamwinua mteja wake kidevu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemwinua mtoto mchanga.

Ilibaki shingo tu. Wembe ulitua pale mshipa unapopiga.

"Mtani," alisema Mwanvita, macho bado kayafumba, "mbona kimya? Matusi yamekwisha?"

"Yamekwisha." Mkono ule mwepesi haukutikisika. "Tabora niliolewa tu. Mimi ni Mluguru kama wewe, na hicho kizee ndicho kilichonizaa."