Mtalii Mwenye Lenzi

Yule mtalii alipotoa lenzi ya fundi saa kwenye mkoba wake wa ufukweni, Lahoussine aliweka chini kikombe chake cha chai.

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameapa kwamba saa zote mezani pake, hapo sokoni Agadir, Morocco, ni halisi, zimetoka Uswisi moja kwa moja. Sasa mama huyo, kofia pana ya jua kichwani na mchanga bado miguuni, alibana lenzi jichoni akaanza kuichunguza saa moja ya dhahabu kama daktari anayetafuta ugonjwa.

"Nermin, tuko likizo," mumewe akalalamika kwa Kituruki. "Uliniahidi Agadir ni bahari tu!"

"Subiri kidogo, Cevdet."

Lahoussine aliwahi kufanya kazi ya upishi Izmir, Uturuki; alielewa kila neno.

Mbark, muuza makubadhi wa kibanda cha pili, akamsogelea na kumnong'oneza, "Umekwisha, ndugu yangu. Ni wakaguzi wa bidhaa bandia hao. Kwa Hmad walikuja hivi hivi, na kofia na mafuta ya jua, wakamfungia kibanda."

"Nyamaza, usinitie mkosi!"

"Mshale wa dakika umepinda," mama akasema, kama anayejisemea. "Na haya maandishi ya nyuma kayachora nani, paka?"

"Chukua hiyo bure, dada," Lahoussine akamwambia kwa Kituruki, akilazimisha tabasamu. "Zawadi ya Agadir."

"Bure sitaki. Nifungie zote za aina hii. Nalipa."

Ushahidi, Lahoussine akawaza. Anakusanya ushahidi. Akazitia saa kwenye mfuko moja moja, akivuta muda.

"Nani anakuletea hizi?"

"Dada, hilo usiniulize..."

"Jina lake tu. Sina ugomvi na wewe."

Lahoussine akamfikiria binti yake, anayeolewa Jumamosi, na ukoo mzima wa bwana harusi ukiulizia baba wa bibi harusi yuko wapi, halafu mtu ajibu: mahabusu. Ujanja wote ukamwisha.

"Nisamehe, dada. Nilikudanganya. Zote ni bandia. Wallahi nitazivunjavunja mwenyewe, hapa hapa, mbele ya macho yako."

Mbark akafumba macho. Cevdet akashusha pumzi, akatafuta kigoda akaketi, kama mtu anayejua kwamba bahari leo hataiona tena.

Mama akaiweka lenzi mezani, uso umemwiva kwa hasira.

"Bandia ninajua! Uswisi hawajawahi kutengeneza saa kama hii. Niliibuni mwenyewe, kiwandani kwangu Istanbul. Ninachotaka kujua ni huyo mwizi asiye na haya anayeghushi bandia zangu!"