Sauti ya Kuanzia

Wimbo ule ulianza na besi peke yake. Mpiga besi alikuwa ameshaweka kidole kwenye uzi aliposikia kaka yake, mwimbaji wa bendi, akijiimbia mwanzo wake chinichini. Alikuwa ameshuka chini ya sauti ya wimbo. Tena.

Asubuhi ile kiongozi wa bendi alikuwa amemwambia mpiga besi bila kuzunguka: "Masikio ya kaka yako yamechoka. Akitoka nje ya sauti kwenye harusi ya leo, natafuta mwimbaji mwingine."

Maharusi walikuwa wamesimama, wanasubiri kucheza. Ncha ya kidole cha mpiga besi ilikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na uzi kwa miaka mingi, ngozi imekuwa ngumu kama kwato. Akakitelezesha kushoto taratibu, mpaka kwenye sauti ile ya chini aliyoshukia kaka yake, akapiga.

Kaka akaingia sawasawa juu ya besi. Gitaa na kinanda vikaingia kwenye sauti nyingine kabisa, ile ya wimbo, na ukumbi mzima ukakunja uso.

"We besi!" kiongozi akafoka kutoka kwenye kinanda. "Umelewa? Unampoteza mwimbaji!"

Kaka akacheka kwenye kipaza sauti. "Msameheni mdogo wangu, jamani. Leo kaamkia ubavu wa kushoto."

"Kosa langu, bosi," mpiga besi akasema. Kidole hakukiondoa.