Uzito wa Koleo

Mbaruku aliutoa upanga motoni, akaulaza juu ya mawe mawili upoe. Alikuwa amemfundisha bintiye, Mwanaidi, kwamba chuma kinapoacha wekundu kisiguswe, maana wakati huo kinageuka kwa ndani, na hata kitu chepesi hukipinda kisinyooke tena.

"Baba, chuo kimenikubali," Mwanaidi alisema, mivukuto ingali mikononi mwake. "Niende?"

Mbaruku akaliweka koleo lake katikati ya upanga bila kutazama.

"Sasa nani atanivukutia moto?" aliuliza taratibu.

Wekundu wa upanga ukafifia, ukaisha.

"Basi nitabaki."

Mbaruku alipoliinua koleo, upanga ulikuwa umepinda upana wa kidole. Ulipopoa kabisa aliukanyaga kwa uzito wake wote ili aunyooshe. Ukanesa, kisha ukarudi kwenye mpindo uleule.

"Nilikuwa natania tu, mwanangu."

Mwanaidi aliuokota upanga, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa, akautazama kutoka shinani hadi nchani, akitafuta mahali ulipoanzia kupinda.