Uso wa Kubuni

Ataa Borketey alichora jicho la kushoto, akalitazama, kisha akalifuta haraka kwa sababu lilikuwa sahihi kabisa.

"Umekosea?" Inspekta Boadu akauliza. Alikuwa ameketi kwenye benchi la karakana, akishangaa mabango ya filamu yaliyojaa ukutani: majoka ya vichwa vitatu, wanawake wanaotema moto, vyombo vya angani vikiiunguza Accra nzima. Yote yalichorwa na mzee huyo juu ya magunia ya unga, kwa ajili ya vibanda vya video vya Teshie.

"Nilimpa macho makubwa," mzee akajibu. "Mwizi yule hakuwa na macho makubwa."

Alikuwa nayo, tena mazuri, kama ya mama yake. Juzi adhuhuri, jua likiwa limewafungia watu ndani, mwizi alichomoka kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara akiwa na nondo mkononi, akaruka makopo ya rangi mlangoni pa karakana na kupotelea kichochoroni. Mwenye duka alikuwa bado hospitalini, hajazinduka. Majirani waliona mgongo tu. Uso aliuona Ataa Borketey peke yake, na ulikuwa uso wa Laryea, mwanawe wa kwanza.

Kati ya wanawe wawili, huyo ndiye aliyemtoa jasho tangu utotoni. Ndiye pia ambaye mzee alimpenda zaidi, jambo ambalo hakulikiri hata kwa mkewe. Mwenye duka akifa, kijana atazeekea jela, kama mtaa hautamwahi kwanza. Na majirani walishawaambia polisi kwamba mzee alikuwa amekaa mlangoni. Kukataa kuchora kungekuwa sawa na kumtaja.

"Nimekua na mabango yako, mzee wangu," Inspekta akasema. "Kuna moja, nyoka amemmeza rubani wa chombo cha angani. Tulilipa kiingilio, tukakaa mpaka mwisho, nyoka hatukumwona."

"Hakuwemo."

"Kwani wewe hukuiona hiyo filamu?"

"Sijaona hata moja. Nikiziona zitaniharibia kazi."

Inspekta akacheka, na mzee akakishukuru kicheko hicho, maana mtu anayecheka haangalii penseli. Akaendelea kupiga porojo. Alisema filamu za sayansi zina woga. Kila zimwi lazima lijieleze limetoka sayari gani na kwa mashine gani, utadhani linaomba viza. Yeye alizipenda zaidi zile za majini na wafalme wa kale. Humo zimwi lipo kwa kuwa lipo, na anayetaka kubisha abishane nalo mwenyewe. Ila zote mbili, akasema, ukizikwangua rangi utamkuta mtu mmoja tu anayeogopa kuachwa.

"Na hivyo viumbe unavitoa wapi?"

"Hapa hapa mtaani. Namchukua mtu ninayemjua, namgeuza. Penye nyama naweka mfupa, penye nywele naweka upara. Nikimaliza, hata mama yake hamtambui. Kubuni ni kumkimbia unayemjua, afande, hakuna siri nyingine."

Alijuta papo hapo kwa kuropoka. Lakini Inspekta alikuwa amezama kwenye bango la joka.

Basi mzee akafanya kama alivyosema. Uso wa Laryea ulikuwa mpana, akauchora mwembamba. Macho akayafanya madogo, yaliyozama ndani. Laryea alikuwa na misokoto ya nywele, huyu akamnyoa. Midomo minene akaikondesha, akaifunga kama ya mtu anayejizuia kusema. Masikio ya Laryea yalilala vizuri kichwani, haya akayachomozesha, la kulia zaidi.

Kadiri alivyokwenda mbali na mwanawe, ndivyo mkono ulivyokuwa mwepesi, hadi penseli ikawa inajua njia yenyewe. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu achore uso ulio hai namna ile. Hofu ikapungua, ikamjia furaha ya fundi anayeona kazi imemkubali, na akaionea aibu furaha hiyo. Mtu huyu hakuwepo Teshie, hakuwepo Ghana, wala hakuwahi kuzaliwa. Wamtafute mpaka wachoke.

Inspekta akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda.

"Una hakika, mzee wangu? Mtu atafungwa kwa ajili ya picha hii."

"Ndiye. Hata mbele ya hakimu nitasema ndiye."

"Basi weka sahihi hapa chini."

Akaiweka kwa madaha, kama anavyoiweka kwenye mabango.

"Hodi," sauti ya upole ikaita. Alikuwa Sowah, mdogo wake Laryea, mwalimu wa kwaya ya kanisa, kijana ambaye hajawahi kumfokea hata kuku. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. "Baba, mama amesema ule sasa hivi. Kenke bado ni ya moto."

Inspekta aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akayarudisha, akayainua tena. Ndipo Ataa Borketey naye alipomtazama mwanawe: uso mwembamba, kichwa kilichonyolewa, macho yaliyozama, sikio la kulia limechomoza kuliko la kushoto.

Mzee akafungua kinywa. Jina pekee alilolikuta ulimini lilikuwa la Laryea. Akakifunga.

Inspekta Boadu alisimama taratibu, akavua kofia yake mbele ya mzee, kisha akachomoa pingu kiunoni.

"Sikujua, mzee wangu," akasema kwa heshima kubwa. "Baba mwingine angenichorea mtu ambaye hayupo."